Likizo ya Juni Matema: kutoka baridi ya Iringa hadi mchanga wa Ziwa Nyasa

Shule zikifunga mwezi wa Juni, familia nyingi hapa Iringa huwaza njia moja tu: kuteremka Kitonga kwenda Dar, na mwenye nafasi akavuka hadi Zanzibar. Sisi tunaelekeza gari upande wa pili. Tunakwenda Matema, kijiji cha Wilaya ya Kyela kilichopo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inaposhuka na kuingia majini bila kuacha hata nafasi ya barabara. Mume wangu ni Mnyakyusa, mama yake anaishi Tukuyu. Mimi ni Mhehe niliyeolewa na ziwa pamoja na mwenye ziwa lake. Watoto wetu wakisikia neno likizo, wanasikia Matema.

Naandika siku kwa siku kwa ajili ya mzazi wa Nyanda za Juu Kusini anayedhani ufukwe ni mali ya watu wa Pwani. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiikimbize safari hii. Unaweza kutoka Iringa alfajiri ukalala Matema siku hiyohiyo, na wapo wanaofanya hivyo. Wanaliona ziwa, lakini ile safari ya kushuka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto inawapita dirishani.

JUMATANO

Tumeondoka kukiwa bado giza, watoto wamejifunika blanketi kiti cha nyuma. Baridi ya Juni ya Iringa inajulikana, ila Mafinga imezidi. Msitu wa misonobari wa Sao Hill ulikuwa ndani ya ukungu na malori ya mbao yakipita yamewasha taa. Tukanywa chai ya tangawizi kwa chapati, tukaendelea. Makambako ni upepo mtupu, kama kawaida yake.

Kuanzia hapo reli ya TAZARA inaandamana na barabara, na mtoto wetu mdogo ana kazi yake ya kuisubiri treni. Leo imepita ya mizigo karibu na Chimala. Wakati yeye anahesabu mabehewa, baba yake alikuwa anamwonyesha mkubwa ukuta wa mlima upande wa kushoto na barabara inayoupanda kwa kona 57 kwenda Matamba na Kitulo. Mkubwa ameahidiwa kwamba siku moja tutaipanda. Anakumbusha kila tunapopita.

Uyole tumefika mchana. Hapa ndipo unapoiacha barabara kuu ya Tunduma na kukata kushoto kuelekea Tukuyu, na hapa ndipo likizo inapoanza kwangu mimi. Barabara inapanda milima ya Uporoto hadi zaidi ya meta 2,000 pale Isyonje, njiapanda ya kwenda Kitulo na Makete. Udongo ni mweusi, mashamba ya viazi yamepanda hadi kwenye vilele, na kando ya barabara magunia ya viazi yamefungwa kwa vilemba vilivyozidi urefu wa gunia lenyewe. Halafu unaanza kushuka, na kila baada ya dakika chache kuna kitu kipya: msitu, kisha migomba, kisha migomba na chai, kisha chai hadi macho yanapoishia. Kiwira tukasimama kununua mkungu wa ndizi za kupika. Ziwa Ngosi, lile la kwenye kreta, shimo la volkano, juu ya Isongole, tumeliacha kwa safari hii. Njia yake ni ya kupanda msituni na mdogo hajawa na miguu ya kutosha.

Bibi alikuwa mlangoni. “Shikamoo bibi,” kwa sauti mbili. “Marahaba wajukuu zangu, ugonile, ugonile.” Halafu akanigeukia mimi: “Mama, mbona umewavalisha nguo nyepesi hivi?” Walikuwa na masweta mawili kila mmoja.

Chakula cha usiku kilikuwa mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, nzito, na parachichi pembeni.

ALHAMISI

Mvua. Tukuyu hainyeshi kwa kubahatisha, hata Juni ambayo kwetu Iringa ni kiangazi kavu kabisa. Tumeshinda jikoni kwa bibi.

Kwenye saa kumi wingu lilipanda kidogo na Mlima Rungwe ukaonekana, meta 2,961, wote kijani. Mkubwa alikuwa amefundishwa shuleni habari za kipunji, yule tumbili mwenye kishungi aliyetambuliwa na wanasayansi kwenye msitu wa mlima huu mwaka 2003. Baadaye akaonekana kuwa wa jenasi yake peke yake, yaani kundi lisilo na aina nyingine, na kwa upande wa nyani na tumbili wa Afrika jenasi mpya ilikuwa haijapatikana kwa miaka 83. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba wawindaji wa huku walikuwa na jina la mnyama huyo tangu zamani, na kwamba jina hilohilo ndilo wataalamu walilolichukua. Mtoto akanyamaza, akatabasamu. Nimefurahi kwamba amelisikia kutoka kwa bibi yake.

IJUMAA

Bibi amekubali kufuatana nasi. Amebeba chandarua chake, kikapu cha magimbi na kanga tatu.

Kabla ya kushuka tulipitia Masoko kuliona Ziwa Kisiba. Ni ziwa dogo la duara ndani ya kreta, upana wake ni kama meta 700, maji yamezungukwa na miti mpaka ukingoni. Kikosi cha jeshi la Wajerumani kilikuwa na boma hapa, na jengo la mawe bado lipo. Wenyeji wanasimulia kwamba Wajerumani walipozidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa fedha na mali zao ziwani, na watoto wa kijiji wanakuja na sarafu za kikoloni mkononi kuwauzia wageni. Wetu walitaka kupiga mbizi papo hapo.

Ila hazina ninayoiamini mimi ni samaki wa humo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa kuhusu samaki wadogo wa ziwa hili, wa jamii moja na perege. Watafiti walikuta kwamba ndani ya kreta hii moja samaki wa aina moja wameanza kugawanyika: madume wa kina kifupi ni wa njano, wale wa kilindini ni wa buluu iliyokolea, na kila kundi linaelekea kuzaana na la kwake. Hakuna ukuta kati yao wala maporomoko. Wanasayansi wanakuja kutoka mbali kuangalia aina mpya za samaki zinavyozaliwa, na mahali penyewe ni mwendo mfupi kutoka stendi ya Tukuyu. Nilipomweleza mkubwa akaacha kuuliza habari za sarafu. Akakaa kwenye jiwe anaangalia maji kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kisha tukateremka, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tukuyu tulikuwa na masweta. Baada ya muda, yule mdogo akavua la juu. Mbele kidogo mkubwa akavua la kwake. Tulipofika Kikusya na kukata kuelekea Ipinda, madirisha yote yalikuwa wazi, bibi amebaki na kanga moja, na hewa inayoingia ilikuwa na harufu ya mpunga. Juni ni mavuno Kyela. Kila nyumba ina turubai uani na mpunga umeanikwa, kuku wanafukuzwa, wanawake wanaugeuza kwa miguu. Katikati ya migomba kuna mikakao, matunda yake yameota kwenye shina lenyewe, jambo linalowashangaza watoto kila mwaka. Tumenunua mchele mpya Ipinda. Mchele wa Kyela unaujua ukiwa umefungwa vizuri kwenye mfuko Iringa, lakini ukiununua siku chache baada ya kukobolewa unanukia hata kabla haujafika jikoni.

Lami sasa inafika hadi Matema. Asiye na gari anapanda basi hadi Kyela, kisha Noah au bodaboda kupitia Ipinda.

Tuliliona ziwa kati ya miembe, jua likiwa bado juu. Watoto wakavua viatu garini.

JUMAMOSI

Jambo la kwanza ambalo mgeni wa Matema anapaswa kulijua ni kwamba jua linachelewa. Mbingu inakuwa nyeupe, ndege wanalia, wavuvi wanarudi, na bado kijiji kiko kivulini kwa sababu milima ipo upande wa mashariki na imesimama wima. Ukuta huo ni upande mmoja wa Bonde la Ufa: juu unapanda zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa ziwa, na chini sakafu ya ziwa inazama hadi meta 700 hivi kwenye kilindi chake. Wewe umesimama kwenye mchanga katikati ya vitu viwili vikubwa kiasi hicho, umeshika kikombe cha chai.

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, na tunapanga safari nzima kuizunguka siku hii. Unatembea ufukweni kuelekea milimani hadi mchanga unapokaribia kuisha. Mitumbwi inawasili kutoka vijiji vya Wakisi vya kando ya ziwa ambako gari haliingii, imejaa vyungu vilivyopangwa ndani ya nyasi. Wanawake wanashuka majini hadi magotini, wanapokezana, wanavipanga mchangani kwa makundi: vyungu vya mboga, mitungi ya maji, mabakuli, vikaango. Watu wa milimani nao wameshuka na mazao yao. Wanunuzi wa jumla wanakagua kwa kugonga chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri, kizima. Kikitoa sauti iliyokufa, kina ufa hata kama hauuoni.

Bibi anagonga kuliko wanunuzi wote. Aligonga, akasikiliza, akaweka pembeni, akaendelea. Mdogo akawa anamfuata nyuma na kugonga vyote vilivyokataliwa ili asikie tofauti. Mama mmoja wa Kikisi alicheka, akampa kibakuli kidogo: “Chukua, mume wangu, cha kunywea uji.”

Vyungu hivi utavikuta Mbeya mjini, Njombe, hata kwetu Iringa sokoni. Ukishaona vinakotoka, mtumbwini kwa nyasi, kisha kichwani, kisha lori, huwezi tena kubishana bei kwa nguvu. Mimi nalipa ninachoambiwa. Mume wangu anasema naharibu soko. Sawa, lakini sipunguzi.

JUMAPILI

Asubuhi kanisani. Kilutheri kina mizizi huku tangu wamisionari wa Berlin walipofika mwishoni mwa karne ya 19, na hospitali ya kijijini ni ya kanisa pia. Nyimbo za Kinyakyusa siwezi kuziandika, inabidi usimame katikati ya wale akina mama wa kwaya.

Mchana mwera ulikuwa umeanza. Miezi hii upepo unavuma kutoka kusini, na kwa kuwa ziwa ni refu, zaidi ya kilomita 550, mawimbi yanapata nafasi ya kukua kabla ya kutufikia sisi tuliopo mwisho wake wa kaskazini. Watu wanaotoka Dar hawaamini kwamba ziwa linaweza kupiga hivyo. Kwa hiyo watoto tunawapeleka majini asubuhi na si alasiri, na tunawapeleka upande wa mawe kule Lyulilo, ambako maji ni meupe na mwamba unashuka ghafla. Kwenye matete hatuogi, kwa sababu ya konokono wa kichocho. Karibu na mlango wa mto Lufilyo hatuogi kabisa, kwa sababu ya mamba. Wenyeji wanakuonyesha mipaka hii bila kuulizwa, na ni vizuri kuwasikiliza.

Tulirudi pale jioni upepo ulipotulia kidogo. Mkubwa alivaa miwani ya kuogelea akalala kifudifudi, maji yakiwa kifuani kwa baba yake. Akainuka ghafla anapiga kelele: “Mama! Samaki amemeza watoto wake!”

Kijana mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu akasema, “Subiri, mdogo wangu. Kaa kimya, halafu angalia tena.” Akaangalia. Baada ya muda yule samaki alifungua mdomo na vidogo vikatoka, vingi, vikabaki karibu na uso wake kama vumbi kwenye mwanga. Kivuli cha mkono wa mtoto kilipopita, vyote vikarudi mdomoni.

Wengi wa samaki hawa wa mawe wanalea kwa mdomo. Ziwa Nyasa lina aina zaidi ya 500 za jamii hii, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mama anayatunza mayai mdomoni hadi yanaanguliwa, wiki kadhaa bila kula au kwa kula kidogo sana, na kwa baadhi ya aina, watoto wakishatoka bado anawapokea hatari ikija. Watu wa nchi za mbali wanawafuga kwenye vioo sebuleni. Mwanangu amewaona nyumbani kwao, kwa bei ya miwani ya plastiki.

Amezungumza habari hiyo hadi usingizi ulipomchukua.

JUMATATU

Ikombe. Mtu wa boti alituambia tuwe ufukweni kabla hakujapambazuka vizuri ili twende na kurudi mwera haujaamka, na tukatii. Kila mtoto alivaa boya lake. Hilo silijadili na mtu yeyote.

Unapita chini ya milima, karibu kiasi cha kusikia maporomoko madogo yakianguka ndani ya miti. Kijiji cha Ikombe kiko kwenye rasi, nyumba zimebanana, vichochoro vya mchanga, na kila mahali pana vyungu: vinavyokauka kivulini, vilivyopinduliwa juani, vilivyovunjika vimegeuzwa kuwa vya kulishia bata.

Tuliomba ruhusa, bibi akatangulia kusalimia. Mama mmoja wa makamo akatukaribisha aendelee na kazi tukiwa tumekaa. Hana gurudumu. Ana kigae kipana kilichokaa mchangani, udongo juu yake, na mkono wa kushoto unakizungusha kigae kidogo kidogo huku wa kulia unapandisha ukuta wa chungu kutoka ndani. Kila akizungusha, ukuta unakua. Akachukua kipande cha kibuyu akasawazisha tumbo. Akalowanisha kidole, akapitisha mdomoni mwa chungu mzunguko mmoja, na ukingo ukatokea umekunjika nje, sawasawa pande zote. Niliangalia nikitafuta mahali palipopinda, sikupaona. Hakuwa anautazama hata. Alikuwa anamuuliza bibi habari za Tukuyu.

Baadaye kinapakwa rangi ya udongo mwekundu na mweupe, kinasuguliwa kwa kokoto, kinakauka, ndipo kinachomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi. Wanaofinyanga ni wanawake, na binti anajifunza kwa mama. Alikuwepo msichana wa umri wa mkubwa wetu pembeni, anatengeneza vidogo vya ukubwa wa ngumi. Mkubwa wetu akaomba kujaribu. Yule msichana alimshika mkono bila neno, akauweka ndani ya udongo, akamzungushia kigae. Chungu kilisimama kwa muda, kikalegea. Wakaanza tena. Wakaanza tena. Mtu wa boti ndiye aliyetukatisha, akituonyesha maji yaliyoanza kukunjamana kule mbali.

Nikiulizwa kwa nini sipeleki watoto Zanzibar, jibu langu ni kile kigae. Zanzibar ni nzuri na siku moja wataiona. Lakini huku mtoto wangu hakuwa mtalii: alikaa chini na mtoto mwenzake wa mikoa yetu hii, akashikwa mkono, akafundishwa.

JUMANNE

Hatujafanya chochote. Mbasa wa kuchoma mchana, na wali wa Ipinda. Mbasa ana nyama nyeupe na mifupa mingi midogo, bibi anawachambulia watoto kwa vidole vyake. Alasiri tuliona moshi mrefu umesimama katikati ya ziwa, mdogo akaogopa kuwa ni meli inaungua. Ni kungu, wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa mamilioni. Wakisukumwa na upepo hadi nchi kavu unafunga mdomo na unafunika chakula. Leo walikwenda upande wa Malawi.

JUMATANO

Kurudi kwetu ni kuvaa. Ipinda fulana, Tukuyu sweta, Isyonje masweta yote na blanketi. Vyungu vimesafiri kwenye nyasi za Lyulilo, vikifungwa na mikono ya mama aliyetuuzia, na kila kona mume wangu alikuwa anauliza kama vipo salama. Uyole tulinunua gunia la viazi, kwa sababu huwezi kupita pale mikono mitupu ukiwa na jirani.

Bibi hatukumwacha Tukuyu. Amesema atakaa nasi hadi shule zifunguliwe. Tumefika Iringa usiku, na kabla ya kuvua viatu ameingia jikoni na chungu kikubwa, ameweka maji na pumba za mahindi, amekibandika motoni ili vitundu vizibe. Chungu kipya kikianza na maharage kinavuja, anasema, kwa hiyo maharage ni kesho. Mdogo amekaa kwenye kigoda karibu naye na kibakuli chake mkononi, anauliza kama na chenyewe kinatakiwa kuchemshwa. Kinatakiwa. Kimeingia pia.